Gari dogo la umeme la mjini: namna ya kulitumia na kulitunza bila hatari (uzi mrefu kidogo)

Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu wakuu.

Maswali ya magari madogo ya umeme yameongezeka sana, na mengi yanazunguka jambo lile lile: betri kubwa haitalipuka kweli? Nikipita kwenye maji sitapigwa shoti? Ni maswali ya haki na tutayafikia. Ila kwa muda niliotumia gari la aina hii na kukaa karibu na mafundi wake, nimejiridhisha kwamba betri kubwa ndiyo sehemu yenye ulinzi mkubwa kuliko zote. Ina kompyuta inayosoma volti na joto la seli, na ina kontakta, yaani swichi kubwa za ndani, zinazokata umeme zenyewe mambo yakienda kombo. Wasiwasi wangu uko kwenye sehemu ambazo hakuna kompyuta inayoziangalia vizuri: soketi ya ukutani, breki zinazokaa bila kazi, betri ndogo ya volti 12, na mikono ya fundi asiyejua anachokishika.

Naanza na soketi kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote.

Soketi ya kawaida ya nyumbani imezoea kazi za muda mfupi. Birika likichemka linajizima. Pasi ikipata moto inapumzika. Gari halipumziki. Ukichaji kwa waya wa kawaida unaokuja na gari, unavuta ampea 10 hivi bila kukatisha usiku mzima. Kwenye umeme wa volti 230 hizo ni wati 2,300. Betri ya kilowati-saa 26.8, kama ya Dacia Spring za mwanzo, itahitaji zaidi ya saa 12 kutoka tupu hadi kujaa, maana sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto.

Sasa chukulia skrubu moja nyuma ya soketi imelegea, au vile vibati vya ndani vinavyobana miguu ya plagi vimechoka. Mguso ukilegea, ukinzani unaongezeka. Tuseme umefika nusu omu tu. Joto linalozaliwa pale ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 10 × 10 × 0.5, yaani wati 50. Hizo ni sawa na kile kifaa cha fundi redio cha kuyeyushia risasi, umekiwasha na kukiacha ndani ya plastiki mpaka asubuhi. Na joto lenyewe linazidi kuvilegeza vile vibati, mguso unazidi kuwa mbovu, joto linapanda tena.

Watu wengi hawajui hili: sakiti breka haioni tatizo hilo. Yenyewe inapima mkondo, na mkondo bado ni ule ule wa ampea 10. Fyuzi nayo vivyo hivyo. Unaweza kuwa na sakiti breka mpya kabisa na soketi ikaungua mbele ya macho yake.

Niliwahi kuwa pembeni fundi umeme akifungua soketi ya mtu aliyelalamika kwamba gari "linakata kata chaji usiku". Kwa nje soketi ilikuwa nyeupe, safi, ina alama ndogo tu ya manjano pembeni ya tundu moja. Kwa ndani, skrubu ya waya wa moto ilizunguka kwa bisibisi bila kukaza chochote, na ganda la waya lilikuwa jeusi na gumu kwa urefu wa pingili ya kidole. Ukiligusa linapukutika. Gari lilikuwa zima kabisa.

Kwa hiyo wakuu, fanyeni hivi. Soketi ya gari iwe na laini yake kutoka kwenye sakiti breka, isigawane na friji wala pampu, na iwekwe na fundi umeme anayeielewa kazi hiyo. Ukianza kuitumia, iache ichaji kwa saa moja, simamisha chaji, kisha shika plagi. Vuguvugu haina neno. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Rangi ya kahawia kwenye mguu wa plagi, harufu ya plastiki, au plagi inayoingia kirahisi mno na kuning'inia, zote ni dalili za kutosha. Na kama waya wako wa chaji unaruhusu kuchagua ampea, shusha hadi 8 au 6. Muda utaongezeka, lakini joto kwenye mguso linashuka zaidi ya unavyodhani: ukipunguza mkondo kwa nusu, joto linabaki robo.

Ekstensheni na adapta za kuunganisha unga unga, hapana. Kama ni dharura kabisa, tumia ekstensheni nene iliyotengenezwa kwa mzigo huo, na uikunjue YOTE. Waya uliobaki umezungushwa kwenye kigurudumu chake hauna pa kutolea joto.

Nitaendelea na breki. Karibuni na maswali.

---

Mpita Njia

Mkuu asante kwa darasa. Mimi chaja yangu imegoma kwenye soketi ya nyumbani, inawaka taa nyekundu ya ethi. Kuna mtu ananiuzia adapta ambayo anasema "inaondoa hilo tatizo". Niichukue?

---

Mwanzisha uzi

Usiichukue mkuu, nakuomba sana.

Chaja imekagua ikaona waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haupo au haufanyi kazi, ndiyo maana imegoma. Hiyo adapta inaidanganya tu ione kana kwamba ethi ipo. Fikiria kinachofuata siku umeme ukivuja ndani ya chaja. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira, kwa hiyo bodi lote linaweza kubaki na umeme bila pa kwenda. Unakuja asubuhi, umesimama chini, mkono wako unashika kitasa cha mlango. Njia ya umeme kwenda ardhini inakuwa wewe.

Tafuta fundi umeme apime ethi ya nyumba na kuirekebisha. Papo hapo mwambie aweke kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, mafundi wanakiita RCD, cha miliampea 30. Awe anajua kwamba ni kwa ajili ya gari, kwa sababu chaja za magari zinaweza kuvujisha mkondo wa moja kwa moja (DC, kama wa betri), na mkondo huo unazipofusha RCD za kawaida zisikate. Aina inayofaa ni Type A yenye kinga ya ziada ya miliampea 6 za mkondo wa moja kwa moja, au Type B. Chaja nyingi za kufunga ukutani huwa na kinga hiyo ndani yake. Soma maelezo ya yako kwanza.

---

Ncha Kali

Na mvua? Mimi sina paa. Nachajia nje.

---

Mwanzisha uzi

Mvua si tatizo kwa upande wa gari. Ile plagi kubwa unayoichomeka kwenye gari haina umeme wa kukudhuru ukiwa umeishika mkononi. Ukishaichomeka, gari na chaja huongea kwanza kupitia pini ndogo, zikikubaliana ndipo umeme mkubwa unafunguliwa. Ukiichomoa, unakatwa kabla pini hazijaachana.

Upande wa ukutani ndio wa kuangalia. Soketi ya nje iwe ya aina inayozuia maji, yenye kifuniko kinachofunga hata plagi ikiwa ndani. Kile kiboksi cha katikati ya waya usikiache kilale kwenye dimbwi wala kining'inie kwa uzito wake kwenye soketi. Kitafutie ndoano.

Wakati wa kuosha gari, mashine ya presha isielekezwe kwenye tundu la chaji wala chini ya boneti. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

---

Mwanzisha uzi

Sasa breki, kama nilivyoahidi.

Ukiondoa mguu kwenye pedali, mota inageuka jenereta, inarudisha chaji kwenye betri na gari linapungua mwendo. Ni jambo zuri na linaokoa pedi. Lakini breki za kawaida zinaweza kukaa muda mrefu zikiguswa kidogo tu. Diski zinapata kutu, pedi zinakuwa na uso mgumu wa kung'aa, pistoni na pini za kuteleza zinakwama. Kisha siku mtoto anakatiza ghafla unakanyaga mpaka chini, na upande mmoja unashika vizuri kuliko mwingine.

Kwa hiyo zipe kazi. Kila baada ya siku chache, kwenye sehemu tupu na barabara kavu, shusha ngazi ya kurejesha chaji kama gari lako linaruhusu, kisha funga breki kwa nguvu ya kutosha mara kadhaa. Utasikia mkwaruzo mwanzoni, halafu unapotea. Usipopotea, peleka zifunguliwe. Kwenye huduma ya mwaka, hakikisha fundi anatoa magurudumu na kulainisha zile pini, asiishie kuangalia unene wa pedi. Mtu akiona pedi bado nene anasema "hizi bado mpya kabisa", kumbe zimekwama. Mafuta ya breki nayo yanafyonza unyevu hata kama breki hazitumiki. Watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka 2.

Jambo jingine ambalo halisemwi na wauzaji: betri ikiwa imejaa asilimia 100, haina pa kuweka chaji inayorudi. Ule upungufu wa mwendo uliouzoea ukiondoa mguu unakuwa mdogo sana au haupo. Kama unaishi juu ya mlima na kitu cha kwanza asubuhi ni mteremko, usijaze mpaka juu, na mguu uwe tayari kwenye breki. Na barabara ikiwa na utelezi, tumia ngazi ndogo ya kurejesha chaji. Ngazi kubwa inabana magurudumu yanayoendeshwa na mota peke yake, na kwenye kona yenye matope yanaweza kuserereka.

---

Fyuzi Moja

Mkuu mimi jana gari limekataa kuwaka. Betri kubwa ilikuwa na asilimia 70 usiku. Milango inafunguka kwa ufunguo wa chuma tu, dashibodi ina taa za onyo hovyo hovyo kisha giza. Ndiyo betri imekufa?

---

Mwanzisha uzi

Pole mkuu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba betri kubwa haijafa, iliyokufa ni ile ndogo. Gari la umeme bado lina betri ya volti 12, kwenye mengi ni ile ile ya risasi na asidi. Ndiyo inayowasha kompyuta, loki, taa, na ndiyo inayozifunga zile kontakta za betri kubwa. Ikikosa nguvu, betri kubwa inabaki imefungiwa umeme wake ndani hata kama imejaa. Inachajiwa na kifaa kinachoshusha volti kutoka betri kubwa, ila kwa kawaida pale gari likiwa limewaka au linachaji. Ukiliacha wiki nyingi na kifaa cha kufuatilia gari kinanyonya kidogo kidogo, inaisha.

Na haikupi dalili za zamani. Kwenye gari la mafuta unasikia stata inavuta kwa shida, unajua betri inaelekea kufa. Huku hakuna stata. Dalili ni hizo ulizoziona: maonyo mengi yasiyohusiana, skrini kuchelewa kuwaka, loki za kusuasua. Ipimwe kila mwaka, na ikichoka ibadilishwe kabla haijakuacha njiani.

Kubusti betri yake ndogo kwa gari lingine kwa kawaida inawezekana, fuata kitabu cha gari lako na angalia pa kushikizia waya. Lakini usilitumie gari lako la umeme kumbusti mwenye injini. Stata ya injini inavuta mkondo mkubwa sana ambao betri hiyo ndogo na vifaa vyake havikutengenezewa, na vitabu vingi vya magari haya vinakataza.

---

Ncha Kali

Hapo kwenye kujaza. Muuzaji aliniambia nijaze 100 kila mara, jirani mwenye gari kama langu ananiambia nisizidi 80. Nani mkweli?

---

Mwanzisha uzi

Wote wanaweza kuwa wakweli, inategemea kemia ya betri. Angalia kwenye nyaraka za gari.

Kama ni NMC, yenye nikeli, manganizi na kobalti, seli iliyojaa inafika volti 4.2 hivi na kukaa kwenye volti hiyo kwa muda mrefu, hasa kukiwa na joto, kunaizeesha. Kwa matumizi ya kila siku asilimia 80 inatosha, jaza 100 ukiwa na safari. Kama ni LFP, ya chuma na fosfeti, yenyewe inavumilia zaidi. Tena volti yake haibadiliki sana kuanzia chini hadi juu, kwa hiyo kompyuta inapata shida kujua kilichobaki. Ndiyo maana watengenezaji kadhaa wa LFP wanasema ijazwe kabisa mara moja kwa wiki hivi, ili hesabu irudi sawa. Usipofanya hivyo dashibodi inaweza kukuambia umebakiwa na asilimia 15 kumbe huna.

Kwa zote mbili: usiliache gari wiki nyingi likiwa tupu. Ukisafiri liache karibu na nusu. Na penye baridi ya chini ya nyuzi 0, kuchaji kwa nguvu kunafanya madini ya lithiamu yagande juu ya uso wa elektrodi. Gari lenyewe litapunguza kasi ya chaji, usilishangae. Kwenye joto, kumbuka magari kadhaa madogo hayana kipoza cha maji kwenye betri. Nissan Leaf za vizazi viwili vya kwanza, kuanzia ya 2010, ziko hivyo. Ukitoka mwendo mrefu juani ukaunganisha chaja ya haraka papo hapo, unaongeza joto juu ya joto. Liache kivulini kwanza.

---

Mpita Njia

Vipi kuhusu fundi wangu wa siku zote? Ni fundi mzuri sana wa injini.

---

Mwanzisha uzi

Matairi, stelingi, shokamzoba, breki: apewe tu, kama anajua wapi asiguse. Upepo wa matairi akupimie yakiwa ya baridi, na ayaangalie kwa karibu, kwa sababu nguvu ya mota inakuja yote mara moja na inayala.

Mipaka yake ni nyaya za rangi ya machungwa. Kwenye magari mengi zina volti 300 hadi 400 za mkondo wa moja kwa moja, na kuanzia volti 60 tu umeme huo unahesabiwa wa hatari. Kuzima gari hakutoshi. Kuna swichi ya kutenganisha betri kubwa, na baada ya kuitoa lazima kusubiri dakika kadhaa kapasita (vihifadhi umeme) za inveta, kile kifaa kinachoipa mota umeme wa betri, ziishiwe, kisha kupima kuthibitisha kwamba hakuna volti, akiwa na glavu za volti 1,000. Fundi asiye na mafunzo hayo asifungue kitu chochote kilichounganishwa na waya wa machungwa, hata kama ni kompresa ya kiyoyozi. Kwenye mengi nayo inatumia umeme huo huo mkubwa.

Jeki iwekwe kwenye sehemu zilizooneshwa kwenye kitabu. Chini katikati ni kasha la betri, na jeki ikilibonyeza, tatizo linaweza kujificha ndani. Ukigonga jiwe au tuta kwa chini, peleka likaguliwe hata kama linaendelea kutembea. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea, nayo isiongezwe maji ya bomba. Baadhi ya magari hutumia aina maalumu isiyopitisha umeme kirahisi.

---

Fyuzi Moja

Nimebadilisha ile ndogo, gari limewaka. Ubarikiwe. Sasa jibu lile la maji na moto uliloliahidi.

---

Mwanzisha uzi

Nimefurahi sana kusikia hivyo.

Dimbwi la kawaida au mvua kubwa, gari halitakupiga shoti. Umeme mkubwa umetengwa na bodi, na gari linapima utengano huo. Likiona kasoro linatoa onyo au linakata. Lakini mafuriko yaliyolizamisha ni habari nyingine, hasa maji ya chumvi. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida mwaka 2022, kuna magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya bahari yakashika moto baadaye, mengine siku nyingi baada ya maji kuondoka. Chumvi inabaki ndani na kuunganisha visivyotakiwa kuungana. Gari lililozama usiliwashe, usilichaji, lisikae gereji. Livutwe mahali pa wazi, mita 15 hivi mbali na nyumba na magari mengine, mpaka wataalamu waliangalie.

Moto wa betri ni nadra, ila ukitokea una tabia zake: moshi mweupe mzito chini ya gari, mlio wa kufoka kama gesi inatoka, mipasuko midogo midogo. Ukiona hivyo toka, toa watu wote, kaa mbali, usivute ule moshi, piga simu zimamoto na uwaambie mapema kwamba ni gari la umeme. Mtungi mdogo unafaa kwa kiti au waya unaoungua, hauwezi kuizuia betri. Na hata moto ukizimika, unaweza kuwaka tena saa au siku kadhaa baadaye.

---

Kona Tupu

Naomba niongeze, mwanzisha uzi ukiruhusu. Mimi ni mtembea kwa miguu zaidi kuliko dereva. Haya magari hayasikiki. Ndugu yangu haoni, na barabara anazivuka kwa masikio.

---

Mwanzisha uzi

Umesema jambo kubwa, na ingefaa ningelianza nalo mapema.

Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 138, inayotaka gari la umeme litoe sauti likiwa kwenye mwendo mdogo, hadi kilomita 20 kwa saa, na Umoja wa Ulaya uliifanya sauti hiyo kuwa lazima kwa magari yote mapya kuanzia Julai 2021. Lakini magari ya zamani mengi hayana, na kuna madereva wanaikata kwa sababu inawakera. Wakuu, msiikate. Kama lako halina, basi kwenye maegesho na njia nyembamba nenda mwendo wa mtu anayetembea, na usidhani kwamba mtu aliyekupa mgongo anajua upo.

Ukimya huo unamdanganya na dereva mwenyewe. Gari likiwa D na limetulia halitetemeki hata kidogo, mtu anafungua mlango akidhani limezimika, mguu unagusa pedali, linaondoka. Kabla hujashuka: P, breki ya mkono, zima, tazama kama neno READY limepotea kwenye dashibodi.

Na wanaonunua vile vidogo kabisa, mfano wa Citroën Ami au Renault Twizy: kisheria kwa Ulaya vile havihesabiwi kama magari ya kawaida, viko kwenye kundi lake la uzito usiozidi kilo 450 bila betri, na havilazimiki kupita majaribio yale yale ya ajali. Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari, ilipojaribu vinne vya kundi hilo mwaka 2014, Twizy ikiwemo, ilikuta upungufu mkubwa wa usalama. Ami inaishia kilomita 45 kwa saa. Kwa mitaa ya mwendo mdogo kinafaa sana. Barabara ya malori usikipeleke.

---

Kona Tupu

Asante. Swali la mwisho: likiharibika njiani, linaweza kuvutwa kwa kamba?

---

Mwanzisha uzi

Kwa mengi hairuhusiwi. Magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka chini, mota inazalisha umeme hata gari likiwa limezimwa, na inaweza kuunguza inveta. Omba gari la kubebea lenye kitanda, magurudumu yote manne yawe juu. Kama ni kulisogeza mita chache tu litoke barabarani, weka N na msukume kwa mikono, ila magari mengine hayakubali kuingia N kama betri ndogo imekufa. Utaratibu wa kulilazimisha umeandikwa kwenye kitabu. Piga picha ukurasa huo leo, uwe nao kwenye simu.